Nilivyoikagua Shule ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mwaka wa nne nilipoanza kuikagua shule yake. Watu niliwaambia nataka kujua kama ni shule nzuri. Nilijiambia hivyo na mimi mwenyewe, na kwa miezi kadhaa niliamini.

Ni shule ya serikali, hapa hapa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, mwendo wa dakika chache kutoka kwenye baraza ninaposhonea nguo. Mimi pia nilisoma hapo. Niliacha katikati ya mwaka wa sita, mama alipofariki. Baba alikuwa ametangulia. Mama alikuwa mfanyabiashara mdogo, anavuka mpaka wa Gatumba kwenda Kongo asubuhi na kurudi jioni na vitenge kichwani, na alipougua hakukaa hata mwezi. Aliniachia wasichana wawili. Mmoja alikuwa na miaka saba, mwingine alikuwa hajaanza kutembea. Jirani yetu mshonaji akanikalisha kwenye cherehani yake ya zamani, akanionyesha namna ya kukanyaga bila kukata uzi, na tangu siku hiyo sijaondoka kwenye cherehani. Huyo aliyekuwa hajaanza kutembea nilimfunga mgongoni huku nakanyaga. Alijifunza kulala kwa mtikisiko huo. Ukisimamisha mashine, analia.

Kwa hiyo nilipomwona anampenda mtu mwingine kuliko mimi, sikuwa tayari.

Mtu huyo alikuwa mwalimu wake. Watoto wanamwita Madamu, kama wanavyowaita walimu wote wa kike, lakini nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na mtu mmoja tu. Alikuwa mgeni shuleni, ametoka mikoa ya juu, Kiswahili chake kinapandana na Kirundi. Umri wetu haukupishana sana. Mdogo wangu alianza kufunga kitambaa kama yeye, kuinua kidole kama yeye, na hata kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo, kama yeye. Na kila tukikaa kula, hata dagaa tu:

"Madamu amesema ndagala mutu asizitoe kichwa. Kichwa ndiyo kina nguvu."

Mdogo wangu wa kati, anayeuza sambusa karibu na gereji na hana adabu ya mdomo, alimjibu: "Eh! Na kabla ya Madamu kuja Buyenzi sisi tulikuwa tunakula nini? Mawe?"

"We unacheka, lakini Madamu amesema."

"Basi mwambie Madamu aje aoshe na sahani."

Mimi nilicheka pamoja nao. Lakini vichwa vya ndagala nilikuwa nimemwambia mimi, tangu yuko mdogo, na alikuwa akivitema.

Wakati wa mvua mtoto alipata malaria, akalala siku tatu. Siku ya tatu, mchana, Madamu alikuja. Alisimama mbele ya baraza langu na mwavuli, viatu vimejaa tope, akasalimia vizuri, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Nimekuja kuuliza mutoto."

"Ana malaria. Amekunywa dawa, leo amekula."

"Mungu asifiwe. Nilimwandikia haya, asibaki nyuma."

Akanipa karatasi mbili, mazoezi aliyoyanakili kwa mkono wake. Akaingia ndani dakika tano. Nilimsikia mtoto akicheka, yeye ambaye tangu asubuhi alikuwa ananijibu kwa kugeukia ukutani. Madamu alipoondoka nilishona mkono wa gauni la mteja upande usio wake, nikaufumua, nikaushona tena kwa kosa lile lile.

Kitu kilichonichoma sitaki kukificha. Mimi nilipoacha shule ile, hakuja mtu. Wiki ya kwanza nilikuwa bado naangalia njia. Nilikuwa wa pili darasani, nikafikiri lazima watamtuma mtoto aje aulize, au mwalimu mwenyewe atapita, maana alikuwa anapita mtaa wetu kila jioni akienda kwake. Alipita. Nilimwona akipita. Kwenye daftari la majina sijui waliandika nini mbele ya jina langu. Huenda walipiga mstari tu. Na sasa, kwenye shule ile ile, kulikuwa na mtu anayetembea kwenye tope kwa sababu mtoto amekosa siku tatu.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikaanza kutafuta makosa ya shule.

Na makosa yapo, sikuyabuni. Dawati la watoto wawili wanakaa wanne, na wa mwisho anakaa na paja moja hewani. Madirisha mawili ya darasa lao hayana vioo. Watoto wanasoma kwa zamu, wiki hii asubuhi, wiki ijayo mchana, kwa sababu vyumba havitoshi, na wanaosoma mchana wanalala kwa joto. Choo cha wasichana mlango wake unashikiliwa na rafiki kutoka nje. Niliyajua haya kwa sababu nilianza kupitia pale kila nilipopeleka nguo za watu, nikisimama kama mtu anayepumzika kivulini.

Siku moja utepe wangu wa kupimia ulipotea. Fundi bila utepe ni kama hana mikono. Nilimrudisha mteja wa kwanza, nikamrudisha wa pili, nikagombana na mdogo wangu wa kati bure. Mchana nikapita shuleni, nikachungulia dirishani. Utepe wangu ulikuwa ubaoni. Madamu alikuwa ameunyoosha, na watoto wanakuja mmoja mmoja kupimwa urefu, wakikisia kwanza kwa sauti, halafu darasa zima linacheka mkisiaji akikosea. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa ameshika mwisho wa utepe, amesimama wima kama askari.

"Nani anajua kwa nini nguo ikikatwa fupi hairudi?" Madamu aliuliza.

"Kwa sababu kitambaa si chapati!" mtoto mmoja akasema, wakaanguka kwa kicheko, na Madamu naye akacheka. Halafu akawafundisha kutoa sentimita kutoka mita kwa mfano wa gauni. Lilikuwa somo zuri. Nilielewa kila kitu nikiwa nje, na kuna jambo moja la kugawanya ambalo nimelifanya kwa mkono na macho miaka yote bila kujua kwamba lina kanuni. Nilisimama pale mpaka mwisho. Jioni nikamchapa mtoto mkononi kwa vidole viwili, kwa kuchukua kitu bila ruhusa, na kuhusu somo sikusema neno.

Mwisho wa mwaka ikaja siku ya kutangaza matokeo. Kwetu inaitwa proklamasyo, na asiyeijua hawezi kuelewa uzito wake. Watoto wanasimama uwanjani kwa mistari, wazazi wanazunguka pande zote, na mkuu wa shule anasoma majina darasa kwa darasa, kuanzia wa kwanza. Ukisikia jina la mtoto wako mapema unapiga vigelegele. Likichelewa, unaanza kuangalia viatu vyako. Wazazi wengine wanakuja na kopo la poda kumwagia mtoto kichwani. Mimi nilikuja na langu nimelificha kwenye mkoba, kwa kuogopa aibu.

Mwaka wa nne, wa kwanza akasomwa. Wa pili. Wa tatu alikuwa wetu.

Nilipiga vigelegele mpaka koo likawasha. Nilishafungua kopo. Mtoto akachukua buletini yake, karatasi ya alama, mkononi mwa mkuu wa shule, akageuka, akakimbia. Hakukimbilia kwangu. Alipita mbele yangu, hatua tatu tu, akaenda akajitupa tumboni kwa Madamu.

Alikuja kwangu baadaye, ni kweli, labda haikupita hata dakika moja. Nikammwagia poda nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka akapiga chafya.

Kabla hatujatawanyika mkuu wa shule akatangaza kwamba Madamu atapanda na darasa lake, mwaka wa tano awe nao, na wa sita inshallah. Watoto wakaruka. Mimi nikahesabu miaka hiyo miwili kichwani. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeamua. Nitamhamisha.

Nilikuwa na pa kumhamishia. Mteja wangu mmoja, mke wa muuza spea, mtoto wake alisoma mwaka huo huo wa nne katika shule nyingine ya serikali, upande wa mjini. Aliisifu kila alipokuja kupimwa.

"Fundi, kule ukuta umezunguka pande zote. Mutoto hatoki, mbwa haingii. Na kaye zao! Safi, kama hazijaguswa."

"Niletee daftari moja nilione."

"We unakagua kama inspekta," akasema akicheka, lakini kesho yake akaniletea daftari la hesabu la binti yake, maana alipenda lionekane.

Nililiweka mezani kando ya daftari la mdogo wangu. La mdogo wangu lilikuwa limechorwa wino mwekundu kila ukurasa: mishale, duara, "rudia", "karibu", "soma tena swali". Lile jingine lilikuwa jeupe, alama ya vyema moja kubwa chini ya kila ukurasa. Furaha niliyoipata ni ya mtu aliyepata ushahidi. Enzi zetu wino mwekundu ulikuwa na maana moja, umekosea, nyoosha mkono upigwe. Kwa fundi pia, kazi nzuri ni ile isiyoonyesha mahali ilipofumuliwa. Nikasema, unaona, huyu Madamu anawasumbua watoto, kule wanafundishwa wakaelewa mara moja.

Niliwaita wadogo zangu wote wawili waone. Mdogo wangu wa kati akafunua daftari jeupe, akaguna.

"Dada, saba mara nane ni ngapi?"

"Hamsini na sita."

"Hapa ni hamsini na nne. Na imepigwa vyema."

Nilichukua daftari. Saba mara nane nimeifanya maelfu ya mara kwenye vifungo na marinda, siwezi kuikosea hata nikiwa usingizini. Ilikuwa hamsini na nne, na alama ya vyema imepita juu yake bila kusimama. Nikafunua kurasa nyingine. Yalikuwepo matano, sita ya namna hiyo. Mwalimu wa kule alikuwa hasomi. Anafika chini ya ukurasa, anapiga alama moja, anafunua mwingine.

Halafu nikarudi kwenye daftari la mdogo wangu na kuusoma wino mwekundu wenyewe, mstari kwa mstari. Mahali mtoto alipokosea, Madamu alikuwa ameonyesha hatua aliyopotelea. Ukurasa unaofuata kosa hilo hilo lilikuwa limepungua. Kurasa mbili mbele lilikuwa limekwisha.

Ningeishia hapo, mtu angesema dada huyu ana akili. Sikuishia hapo. Nilifunga madaftari yote mawili, nikamwambia mdogo wangu wa kati: "Ukuta ni ukuta. Kule mtoto atakuwa salama."

Akasukuma daftari jeupe upande wangu. "We dada, unamuonea Madamu wivu."

"Nyamaza."

"Sawa. Mi nanyamaza. Lakini wewe ndiye umesema."

"Nimesema nini?"

"Umesema nyamaza. Hukusema si kweli."

Siku iliyofuata nilienda shuleni kuomba karatasi ya uhamisho. Mkuu wa shule alisema karatasi ataandika, lakini kwanza Madamu asaini kwamba mtoto amerudisha vitabu vyote. Nilimkuta Madamu darasani peke yake, anaosha ubao kwa kitambaa. Nikamwambia nilichokuja kufanya. Hakushtuka. Akakausha mikono kwenye kitenge.

"Kuna jambo limetokea, dada?"

Nikamwambia madawati. Nikamwambia vioo, choo, zamu za mchana, ukuta. Nilikuwa nimeyapanga vizuri tangu nyumbani.

Alisikiliza yote, akitikisa kichwa kukubali. Halafu akasema: "Umesahau paa. Ikinyesha sana siwezi kufundisha, tunaandika tu, maana sauti haisikiki. Na vitabu vya Kifaransa ni kumi kwa darasa lote."

Nilikuja kugombana.

"Na watoto wote hawa unawafikia?" nikauliza, nikitafuta mahali pa kumkamata.

"Apana." Alijibu upesi, kama amewahi kujiuliza. "Wa nyuma wengine mwaka umeisha sijawajua vizuri. Ninajaribu kuwazungusha viti. Si kitu cha kujisifu." Akachukua kalamu. "Wako nilimfikia. Huko anakoenda, uliza jambo moja tu: mutoto akikosea, wanamfanya nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa mezani kwangu, na vyema moja kubwa chini yake. Nikaangalia pembeni.

Akasaini. Hakunibembeleza, hakusema mtoto ana kipaji, hakuuliza mara ya pili. Na hilo likaniuma kuliko yote. Nilitaka anyang'anyane nami. Nilitaka nimshinde. Badala yake aliniambia nimsalimie, akarudi kwenye ubao wake, na mimi nikabaki na karatasi mkononi, nikiwa na haki yote ya kuitumia.

Mdogo wangu wa kati ndiye aliyemwambia mtoto. Hakulia. Alikoma tu kusema "Madamu amesema." Alikula, akaosha sahani, akaenda chuo kusoma Kurani, akarudi, akanisaidia kutoa nyuzi kwenye mishono. Vichwa vya ndagala akaanza kuvitema tena. Nilikuwa nimepata kile nilichokitaka, meza isiyo na mtu mwingine, na ilikuwa kimya kama meza ya wageni wasiojuana. Siku ya nne niliuliza shule ya mjini iko mbali kiasi gani kwa miguu yake, akajibu: "Sijui, dada. Utakavyoona wewe." Hivyo ndivyo mimi nilivyowajibu watu wazima mwaka ule mama alipokufa, walipokuwa wakigawana maamuzi juu yetu.

Nikasimamisha mashine.

"Njoo ukae hapa," nikamwambia. "Mi nilikudanganya. Shule yako si mbaya."

"Lakini ulisema madawati."

"Madawati ni mabaya. Ila sikukuhamisha kwa sababu ya madawati. Nilikuwa na wivu."

"Wivu wa nani?"

"Wa Madamu."

Alikunja uso, akafikiri kwa makini, kama mtu aliyepewa hesabu isiyo na namba. "Lakini Madamu hajui hata kushona kifungo. Kifungo chake kimekatika tangu Pasaka, anabana pini."

"Si wivu wa kushona."

"Wa nini sasa?"

Nilitaka kumwambia wa kukufundisha mita na sentimita, wa kuja kwenye tope, wa kukosa mtu wa namna hiyo nilipokuwa na miaka kumi na mbili. Nilitaka kumwambia kwamba sehemu ya wivu haikuwa juu ya Madamu, ilikuwa juu yake yeye mwenyewe, mtoto niliyemlea mgongoni, kwa sababu amepata. Lakini hilo si neno la kumtwika mtoto. Nikasema: "Wa mambo ya wakubwa."

"Basi nitarudi?"

"Utarudi, wakikubali."

Maana hofu yangu sasa ilikuwa hiyo. Nafasi katika shule zetu hazikai wazi. Jina likitoka, watatu wanasubiri. Niliamka mapema, nikavaa vizuri, nikaenda kwa mkuu wa shule na ile karatasi. Nikaiweka mezani kwake, nikaanza maelezo marefu ya ndugu aliyeugua upande wa mjini na mipango iliyobadilika. Aliniacha niseme mpaka nilipoishiwa uongo.

"Mama, jina lake sijalifuta," akasema.

"Lakini nilichukua karatasi."

"Ulichukua. Madamu akaja jioni ile ile, akaniambia nisilifute kwanza. Alisema, huyu dada yake atarudi, mwachie muda."

"Alijuaje?"

Mkuu wa shule akainua mabega. "Sikumuuliza."

Nilimshukuru nikatoka. Uwanja ulikuwa mtupu, watoto wako likizo, na nilipopita mbele ya lile darasa nilishukuru Mungu, kwa kweli, kutoka moyoni, kwamba mdogo wangu yuko mikononi mwa mtu anayeona hivyo. Na pumzi hiyo hiyo nikamwonea wivu tena, mkali kuliko mwanzo, kwa sababu alikuwa ameonana nami mara chache tu na tayari alijua nitakachofanya kabla yangu.

Septemba mtoto alianza mwaka wa tano. Nilimshonea sare mpya, marinda manane yaliyonyooka, nikampeleka mwenyewe hadi mlangoni mwa darasa. Madamu alikuwa ndani akipanga watoto wanne wanne. Mdogo wangu akaniachia mkono akaingia, na mimi nikaondoka upesi, kabla Madamu hajageuka kunisalimia.